Kitu Kilichoanguka Nyuma ya Kilima: Kwa Treni Kutoka Tabora Hadi Kigoma

Jumapili, Tabora

Ile sauti ya WhatsApp imeshanifikia kupitia kila grupu nililomo: la ukoo, la tuliosoma pamoja, hadi la kikoba cha mke wangu ambalo sijui niliingizwa lini. Ni mwanamke, anahema: "Jamani ndugu zangu, Kigoma hakufai. Kuna chombo kimeshuka ziwani Alhamisi usiku, kinawaka kijani, wanajeshi wamezingira Kibirizi yote, simu zinanyang'anywa. Mwenye ndugu yake kule amwambie asitoke." Kisha inakatika. Wanaoisambaza nao wanaongeza ya kwao. Wapo wanaosema Wamarekani wameshatua na ndege kubwa, wapo wanaosema ni ungo wa wachawi wa Congo ulioishiwa mafuta.

Huo mwanga hata mimi niliuona. Alhamisi ile jua lilikuwa limezama muda si mrefu, nasubiri chipsi mayai kibandani mtaani kwetu. Ulitokea upande wa magharibi, chini kabisa, kijani kikali chenye mkia mweupe, ukashuka mshazari, ukakatika vipande viwili, ukazimika. Sekunde nne, labda tano. Sauti hakuna. Muuza chipsi akanyoosha mwiko kuelekea miembe iliyo mbele ya nyumba ya jirani: "Hiyo imeangukia hapo tu, nyuma ya hiyo miembe." Vijana wakarukia bodaboda kwenda kuangalia. Walirudi na vumbi.

Nina madumu ya asali ya kupeleka Kigoma ambayo yangeweza kusubiri hadi mwezi ujao. Nimekata tiketi ya kesho.

Nimejiandalia maswali, na yatakuwa yaleyale kwa kila mtu nitakayemkuta njiani: ulikuwa umesimama wapi, kilianguka upande gani, kilikuwa juu kiasi gani, ulisikia chochote? Kwa urefu nina kipimo cha bure. Nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi, funga jicho moja. Ngumi hiyo inafunika karibu nyuzi 10 za anga. Kwangu mimi mwanga ulianzia ngumi moja juu ya upeo. Reli inatoka hapa kwenda ziwani ikielekea magharibi, zaidi ya kilomita 400. Kama kitu hicho kiliangukia humo njiani, basi lazima tutafika stesheni ambayo watu wake watanyoosha kidole mashariki.

Jumatatu usiku, ndani ya treni

Tumeondoka giza limeshaingia. Chumba chetu cha daraja la pili kina mwalimu mstaafu anayeshukia Kaliua, kijana wa Kasulu anayetoka Dar kuuza simu, na mzee mmoja wa baraghashia ambaye amelala tangu treni ilipong'oka.

Mwalimu alisikiliza maswali yangu, akavaa miwani kana kwamba nimempa daftari la kusahihisha. "Mwanangu, hayo mambo Wamarekani wanayajua tangu 1947. Wana miili ya wageni wa angani kwenye mafriji."

Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, lakini tuanze na kilichoandikwa." Julai 1947, kambi ya jeshi la anga huko Roswell, New Mexico, ilitangaza yenyewe kwamba imeokota kisahani kilichoanguka. Haikupita siku ikageuza maneno: ni puto la hali ya hewa. Wakati huo nchi nzima ilikuwa inatazama juu, kwa sababu tarehe 24 Juni mwaka huohuo rubani mmoja, Kenneth Arnold, alisimulia kuona vitu 9 vikipita kwa kasi karibu na Mlima Rainier, na magazeti yakavipa jina la visahani. Habari ya puto ikakaa hivyo miaka na miaka. Mwaka 1994 Jeshi la Anga likasema kwamba mabaki yale yalitoka kwenye mradi wa siri ulioitwa Mogul, misururu ya maputo yaliyorushwa juu sana yakiwa na vinasa sauti, kusikiliza kama Wasovieti wanalipua mabomu ya nyuklia.

"Kwa hiyo walidanganya," akasema kijana wa Kasulu kutoka kitanda cha juu.

Walidanganya, ndiyo. Hapo ndipo mimi na wafuatiliaji wenzangu wa habari hizi tunapoachana njia. Wao wakisikia serikali imedanganya, wanaona lazima kilichofichwa kiwe cha nje ya dunia. Mimi kila siri niliyoisoma mpaka mwisho nimekuta ndani yake mtu, mashine, au fedha. Chukua ile kambi ya jangwani Nevada, Area 51. CIA walikuja kuitaja waziwazi katika nyaraka zilizotolewa 2013. Kuanzia 1955 palikuwa mahali pa kujaribia ndege ya ujasusi U-2, iliyoruka juu ya mita 18,000 wakati ndege za abiria zilikuwa hazifiki hata nusu yake. Jioni, rubani wa chini ameshaingia gizani, lakini mabawa ya U-2 kule juu bado yanapigwa na jua. Anaona moto unaopita angani. Anaripoti. Anayejua jibu haruhusiwi kulisema.

Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na mradi wa kukusanya ripoti za namna hiyo, Blue Book, kuanzia 1952 hadi 1969. Zilikusanywa ripoti 12,618, na 701 kati yake zikabaki bila maelezo.

"Na hao 701?" Mwalimu alikuwa anasubiri hapo.

"Hawajulikani, mwalimu."

"Aaa! Sasa umesema."

"Nimesema hawajulikani. Sijasema ni wageni."

Akacheka, akasema ningekuwa mwanafunzi wake angenipa nusu ya maksi na maelezo pembeni.

Urambo tulisimama muda wa kutosha kushuka. Muuza kahawa wa stesheni aliuona mwanga huo: magharibi, ngumi moja na kidogo, na hakusikia kitu. Umeanguka wapi? "Hapo mbele ya Kaliua." Mwalimu akanikumbusha dirishani kwamba mwaka uleule wa visahani, 1947, ndipo Waingereza walipoleta hapa Urambo, na Kongwa na Nachingwea, mradi wao wa karanga. Mashine zikafyeka pori, wataalamu wakapanda, ardhi ikagoma, na kufikia 1951 pauni zaidi ya milioni 36 zilikuwa zimekwenda na maji. "Hiyo nayo iandike kwenye mambo ya ajabu," alisema. Nimeiandika.

Kaliua mwalimu ameshuka. Wapokeaji wake nao waliuona: magharibi. "Kimeangukia Malagarasi."

Jumanne, Nguruka hadi Kigoma

Kumekucha Nguruka. Ukishuka hapa alfajiri unakutana kwanza na harufu ya moshi wa kuni, halafu akina mama wenye madishi vichwani wanaokimbia sambamba na mabehewa kabla hayajasimama. Nilinunua samaki wa kukaanga kwa mama mmoja na kumuuliza huku akinihesabia chenji. Aliweka dishi chini, akageuka mpaka akawa na uhakika amesimama kama alivyosimama siku ile, akanyoosha ngumi yangu yeye mwenyewe kwa kunishika kiwiko. Ngumi mbili. Magharibi bado. "Kimeangukia Uvinza kaka, kwenye chumvi."

Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi, ngumi tatu kasoro. Magharibi. Hawakusikia kitu. "Kimeangukia kwenye vilima vya Kazuramimba."

Kazuramimba: "Kigoma ziwani, hata redio walitangaza." Redio gani? Hakuna aliyekumbuka.

Kijana wa Kasulu ameacha kusinzia na amekuwa msaidizi wangu. Ndiye anayepiga kelele dirishani. Ameanza kuona kilichonifurahisha mimi. Kila stesheni kitu kinapanda juu zaidi angani, na kila stesheni kinakimbilia stesheni inayofuata. Macho ya mtu usiku hayana namna ya kujua mwanga uko mbali kiasi gani. Kitu kinachowaka kilomita 80 juu ya ardhi, ukiwa mbali nacho, kitaonekana chini kabisa, karibu na upeo wako, na akili itakipachika kwenye mti wa karibu au kilima unachokijua. Ndiyo maana vijana wa bodaboda kule Tabora walirudi na vumbi.

Kigoma tumeingia mchana. Reli inaishia hapo, kwenye lile jengo la Wajerumani lenye matao, ziwa likiwa mbele yako kama limetandikwa. Waliifikisha hapa Februari 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Jumatano, Kigoma mjini na Kibirizi

Asubuhi nilikabidhi asali. Mteja wangu alinipokea kwa ugali na migebuka iliyoungwa kwa mawese, nikamuuliza habari ya wanajeshi. "Wanajeshi gani?" Na yeye ile sauti anayo kwenye simu, ila ilimfikia kutoka Mwanza.

Kibirizi palikuwa Kibirizi. Dagaa wameanikwa mchangani wanang'aa mpaka wanaumiza macho, wanawake wanawageuza kwa mafagio, maboti ya kwenda vijiji vya kaskazini yanapakia magodoro na kreti za soda. Hakuna kamba, hakuna geti, hakuna aliyenyang'anywa simu. Nilimuuliza mwenyekiti wa wavuvi kama Alhamisi au Ijumaa lilipita gari lolote la jeshi. Alifikiri kwa haki kabisa, akasema lilipita gari la maji.

Mwanga waliuona wote. Magharibi, juu ya milima ya Congo. Ngumi tano! Mmoja alisema ilibidi aweke kichwa nyuma. Ndani ya nchi hii hakuna tena mahali pa kukimbilia; mbele ni maji na ng'ambo yake. Nimekubaliana nao niingie ziwani usiku huu, kwa kuwa ni giza la mwezi na ndio wakati wao wa kazi. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, wavuvi wanalala nyumbani.

Kusubiri jioni nilikaa bandarini na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kupakia mizigo, na yeye ndiye aliyenipa siku hii. Kigoma ina siri za serikali za kweli, tena za kushikika. Meli ya Liemba, tuliyokuwa tunaitazama ikiwa bado mikononi mwa mafundi, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa hapa ndani ya makasha 5,000, ikaungwa upya na kuteremshwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Waingereza nao, kimyakimya, wakaleta maboti mawili madogo, Mimi na Toutou. Yalisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Congo, kisha yakaburutwa porini kwa mashine za mvuke na maksai, yakashushwa ziwani upande wa pili. Tarehe 26 Desemba 1915 yakaikamata meli ya Kijerumani Kingani. Julai 1916, Wajerumani wakiwa wanaondoka Kigoma, waliizamisha Götzen wenyewe, lakini mafundi wakazipaka injini zake grisi kabla hazijaingia maji. Waingereza walipoiibua 1924, injini zilikuwa zinafaa. Ikaanza kazi upya 1927 kwa jina la Liemba.

"Siri yoyote ina grisi," nilimwambia mzee. Akaitikia kwa kichwa, akasema ngoja nikupe nyingine.

Baba yake alikuwa na mtumbwi 1965. Mwaka huo, alisema, kulikuwa na usiku ambao watu waliambiwa wasitie taa ziwani, na wageni weusi wasiojua Kiswahili wakapita. Hiyo nilikuwa naijua kutoka upande wa pili. Aprili 1965 Che Guevara, yule mwanamapinduzi wa Cuba mwenye pumu, alifika Dar es Salaam amenyoa ndevu, amevaa miwani, akapandishwa hadi Kigoma na kuvushwa usiku kwenda Kibamba, Congo, kuwasaidia waasi. Wacuba wakajipa majina ya Kiswahili kwa namba. Kamanda wao wa jukwaani, Víctor Dreke, alikuwa Moja, na Che mwenyewe akajiita Tatu, akaandikishwa kama daktari na mkalimani. Walifuata zaidi ya 100, wengi wao weusi, waliochaguliwa wasijulikane. CIA nao wakaleta Wacuba wa upande wa pili, waliomkimbia Castro, kurusha ndege juu ya milima na kuendesha maboti ya doria ziwani. Yaani Wacuba kwa Wacuba walikuwa wanawindana kwenye ziwa hili, na dunia haijui. Novemba 21 Tatu akarudi Kigoma ameshindwa. Miongoni mwa viongozi wa waasi aliowalalamikia kwa kukaa mbali na mapigano alikuwamo Laurent Kabila, yule yule aliyekuja kuwa rais wa Congo Mei 1997.

Fikiria mvuvi wa 1965 anayeona taa ya ndege inapita juu ya ziwa usiku, kisha milio ng'ambo. Akimuuliza ofisa, anaambiwa hakuna kitu. Ana kila haki ya kuamini vibaya. Lakini alichofichwa kilikuwa na jina, na kilikuwa kinaumwa pumu.

Mzee hakunicheka kwa hilo. Aliniuliza, "Wewe unaamini nini basi?" Nikamwambia ngoja nirudi kutoka ziwani.

Usiku wa Jumatano, ziwani

Tulitoka jua linazama nyuma ya Congo, saa moja jioni kasoro. Hewa ilikuwa na ukungu wa moshi, maana kiangazi hiki kila upande unachomwa. Ndani ya moshi huo, chini juu ya milima, kulikuwa na nuru moja kubwa inayotetemeka, mara nyekundu, mara kijani, mara kama inasogea. Kijana mmoja wa mtumbwini akasema hiyo nayo inakuja kila siku, inawaangalia. Ilikuwa ni sayari ya Zuhura. Jimmy Carter mwenyewe, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliripoti 1973 kwamba aliwahi kuona kitu cha kung'aa angani huko Georgia, mwaka 1969, kabla hajawa gavana, na maelezo yanayotolewa mara nyingi kwa mwanga ule ni Zuhura. Nikamwambia kijana aishike kwa kidole gumba kwenye ukingo wa mtumbwi na kuhesabu. Ilikwama palepale, halafu ikazama taratibu kama nyota nyingine.

Saa mbili kasoro likaja jambo ambalo hata mimi nywele zilisimama, na naliandika vilevile lilivyokuwa. Kaskazini magharibi zilitoka taa, moja, nyingine, nyingine, zimepangana mstari mmoja bila sauti, zinapanda. Nilipoteza hesabu. Wavuvi wakanyamaza. Kisha zilipofika karibu na utosi zikaanza kuzimika moja moja mahali palepale, kila moja ikifika hapo inazimika. Hapo ndipo nikapumua, kwa sababu mahali pale ni kivuli cha dunia. Setilaiti za Starlink, ambazo kampuni ya Marekani inazirusha kwa mafungu tangu 2019, siku za mwanzo husafiri zikifuatana hivyo. Zinaangaza kwa jua tunalodhani limezama. Ni U-2 upya, ila safari hii haifichwi na mtu.

Basi taa zikawashwa, nazo za wavuvi wenyewe. Zamani ilikuwa karabai, sasa nyingi ni balbu za betri na sola. Ukitazama huku na huku ziwa lote lina mji. Ninajiuliza ripoti ngapi za mianga juu ya maji zimetoka hapa kwa abiria wa ndege.

Nahodha, mtu wa maneno machache, ndiye aliyenipa jibu nililolifuata tangu Tabora. Alhamisi ile alikuwa mahali karibu na hapa tulipo. Mwanga ulipokatika alikuwa ndio kwanza amewasha sigara. Aliivuta akiwa anatazama mahali ulipozimikia. "Halafu ukaja mshindo. Du! Kisha du-du, kama mlango wa kontena. Maji hayakutikisika ila kifua kilisikia." Sigara ilikuwa imefika wapi? Alitoa nyingine, akaiwasha, akaivuta mbele yangu kwa kasi ileile, bila kuongea. Ilipovuka nusu akainua mkono. Saa ya simu yangu ilionyesha dakika nne na sekunde chache. Sauti hewani hukata karibu kilomita moja kwa kila sekunde tatu. Kitu kilipasuka kama kilomita 80 kutoka kwetu, na kilichosalia kiliangukia ng'ambo, Congo.

Ni kimondo, kwa maoni yangu. Rangi ya kijani, kukatika vipande, mshindo wa kuchelewa, sekunde chache tu. Nchi yetu inavifahamu. Tani karibu 16 za chuma zimelala Mbozi hadi leo. Na Desemba 16, 1938 kule Ivuna, kusini magharibi mwa nchi, kiliangukia kimondo cha aina adimu mno, ambacho mabaki yake yaliyookotwa hayafiki hata kilo moja, na wanasayansi wanakigombania mpaka sasa kwa sababu kimebeba udongo wa tangu mfumo wa jua unaundwa. Hicho mimi nakiona ni ajabu kuliko mwili kwenye friji.

Nahodha alisikiliza yote. "Sawa," alisema. "Lakini kilikuwa kinageuka."

Sina jibu la hilo. Nimeliandika.

Ijumaa, Ujiji

Nilipita Ujiji kuangalia bei ya mawese, na penye kumbukumbu ya Stanley na Livingstone walipokutana 1871 sikuingia. Nilikuwa na simu mkononi.

Kijana wa Kasulu alipiga. Kijijini kwao ule mwanga umepata mwenyewe. Bibi mmoja mjane, mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni, ameambiwa ungo wake ndio ulioanguka, na kuna wanaochangishana kuwaita kamchape. Msomaji asiye wa Kigoma huenda hajui: kamchape ni watu wanaojitangaza kutoa uchawi, wanaingia nyumba kwa nyumba, na wakiondoka mara nyingi kuna nyumba imebomolewa na mtu amepigwa. Sheria ya Uchawi ya tangu 1928 inamzuia mtu kumtaja mwenzake kuwa mchawi. Katazo hilo lipo vilevile hata kama polisi wako mbali.

Watu hunitania kwamba habari za visahani ni burudani. Ruwa, Zimbabwe, Septemba 16, 1994, wanafunzi zaidi ya 60 wa Ariel School walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wao. Siku mbili kabla, roketi ya Kirusi ilikuwa imeungua angani kusini mwa Afrika na maredio yalikuwa yamejaa habari za mwanga. Hadi leo wako waliokua wakiishikilia kauli ile, na sitawaita waongo. Ila pale hakuna bibi aliyefukuzwa. Na Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya kilo 500 ilipoangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likaibeba na kusema ni kipande cha roketi. Wanakijiji wakabaki na hoja ya fidia, na hiyo ndiyo hoja ninayoipenda.

Nimemtumia kijana sauti ya dakika tatu aipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji: ngumi za Tabora, Nguruka, Uvinza, Kibirizi, na sigara ya nahodha. Amejibu kwamba mwenyekiti ameisikiliza mara mbili mbele ya watu na kwamba bibi amehamia kwa binti yake kwanza. Hilo la kuhama sijalipenda.

Jumamosi, bandarini

Narudi Tabora na mawese na magunia ya dagaa. Kabla ya treni nilimtafuta mfanyabiashara mmoja mwanamke wa Kalemie anayevusha vitenge na kurudi na unga. Kalemie iko ng'ambo, kusini zaidi ya hapa. Kama hesabu yangu ni sahihi, watu wa kule hawataonyesha magharibi kama sisi. Wataonyesha kaskazini. Nikamfundisha ngumi, akaifanya kwa wigi na kucha ndefu, akaahidi.

Kijana mmoja wa bandarini aliyetusikiliza akaniuliza mbona sijataja yule ofisa wa Marekani. Anamaanisha David Grusch, aliyekula kiapo mbele ya Bunge lao Julai 26, 2023 na kusema ameambiwa na wahusika kwamba serikali yake inaficha vyombo vilivyookotwa. Ofisi ya Pentagon inayochunguza mambo hayo ikatoa ripoti Machi 2024: haikuona ushahidi. "Unamwamini nani?" Nilimwambia Grusch hajaonyesha grisi bado. Akatikisa kichwa, sidhani alinielewa. Hadithi ya Liemba hakuwepo.

Jumatatu, nimeshafika nyumbani

Sauti imeingia asubuhi kutoka Kalemie, nyuma yake kuku wanalia. "Papa, ile kintu batu benyi baliiona. Banaonyesha huku juu, kaskazini, ku milima ya Fizi. Ngumi mbili, mimi mwenyewe nimepima." Kaskazini! Mistari imekatana: magharibi ya Kigoma, kaskazini ya Kalemie, milima ya Fizi, kulekule alikojificha Tatu. Nilisimama jikoni peke yangu nikapiga makofi.

Sauti ilikuwa na kipande cha pili. "Lakini papa, banasema hautakipata tena. Kulikuya basoda, ba jeshi ya Tanzania, usiku, na maboti, bakakibeba. Eti bamekificha kule kwenu, Kibirizi."